Cheti cha Baraza Lisilokuwepo

Karani wa Baraza la wataalamu wa tiba alikuwa na kucha za bandia ndefu kiasi kwamba hakuweza kulifungua faili. Alilisukuma tu lirudi upande huu wa kioo, kama mtu anayeondoa sahani ya mifupa mezani, akasema halijakamilika. Célestine aliuliza limekosa nini safari hii. Aliuliza kwa adabu tu, maana alijua: limekosa kile kile lilichokosa safari iliyopita, na ile iliyoitangulia.

"Cheti cha hadhi njema," karani alisema kwa Kiingereza cha kuchoka. "Kutoka baraza la nchi yako. Wao wenyewe wakitume, bahasha imefungwa, muhuri wao juu ya gundi. Usikilete kwa mkono wako."

Célestine akaeleza tena. Burundi haikuwa na baraza la wataalamu wa tiba ya usemi, kwa sababu wataalamu wenyewe wangeenea ndani ya teksi moja na nafasi ya mizigo ikabaki. Yeye alisomeshwa Ubelgiji na masista, akarudi nyumbani, akafundisha ndimi za watoto Gitega miaka mingi, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza anafanya kazi kwa ruhusa ya nani. Walimletea tu watoto. Karani, ambaye kibandiko kifuani kilimtambulisha kuwa ni Nomsa, alimsikiliza kama mtu anayesikiliza mvua juu ya paa la jirani.

"Sheria haisemi kama lipo," Nomsa alisema alipomaliza. "Inasema cheti chake kiletwe." Kisha, kwa wema wa mtu asiyegharimika chochote, akamshauri aende ubalozi wa kwao wamwandikie.

Hapo ndipo Célestine alipotamani kucheka. Alikuwa mkimbizi. Mkimbizi akibisha hodi kwa serikali aliyoikimbia, watu wa uhamiaji humwambia kwamba basi wamepatana, arudishe karatasi ya hifadhi aende kwao. Ofisi moja ilimdai barua ya serikali. Ofisi nyingine, ya dola hilo hilo, ingemfukuza kwa kuiomba barua hiyo. Na bila cheti faili halikamiliki, bila faili hakuna mtihani, bila mtihani hakuna namba ya usajili, na mtu asiye na namba haruhusiwi kumwambia mtoto wa watu aweke ulimi nyuma ya meno.

Alikusanya karatasi zake. Kwenye kona ya kompyuta ya Nomsa palikuwa na picha iliyobandikwa ya mwanamume mwenye suti nyeupe na mkono ulioinuliwa. Célestine aliitambua mara moja, kwa masikitiko. Alikuwa Nabii Alexis, nabii wa mume wake mwenyewe. Kumbe wanaopima elimu za watu, alijisemea, ndio hawa.

Walipanga chumba kimoja mtaa wa Berea, ndani ya fleti ambayo vyumba vyake vingine vilikuwa na watu wengine na jiko lake lilikuwa la zamu. Égide, mume wake, alilinda magari ya wateja mbele ya maduka ya jumla katikati ya jiji, akiwa amevaa kizibao cha manjano kinachong'aa, na huko watu weupe kwa weusi walimwita "boss" wakimrushia sarafu kupitia dirisha. Célestine aliosha vichwa katika saluni ya Mkongomani mmoja, mama mwenye sauti kubwa aliyeitwa Maman Agnès. Mtoto wao Régis alijua Kiswahili vizuri kabisa ila alijibu kwa Kizulu, ili wenzake wasimsikie akisema lugha ya wageni.

Kulikuwa na kazi ikimngoja. Bi Cecilia, Mtanzania aliyekuja na mume wake wakati wakimbizi wa siasa wa nchi hii waliporudi makwao, aliongoza shule ndogo Randburg ya watoto wenye shida ya kusema. Alikuwa amemwona Célestine akikaa na mtoto mmoja asubuhi nzima, akasema anamtaka. Lakini alisema pia, bila kuzungukazunguka, kwamba nafasi ataishikilia hadi mwisho wa mwezi tu. Mkaguzi akimkuta na mtu asiye na namba, shule inafungwa. Célestine hakuweza hata kumchukia, na hilo lilimuudhi zaidi.

Jioni ile, Égide alimsikiliza mke wake hadi mwisho, akavua viatu, akasema jambo ni dogo. Waombe barua kwa Nabii.

Célestine aliijua barua ya namna hiyo. Kwao, mtu wa makanisa yao akihama, hubeba barua kutoka kanisa alilotoka. Inasema hayuko chini ya adhabu, hana mke wa pili, hajakimbia deni, hajagombana na mchungaji. Bila barua hiyo, kanisa jipya litakukalisha nyuma na wageni na wezi hadi likujue. Égide aliiamini barua hiyo kuliko pasipoti. Ilimpa hifadhi Tanzania kabla hata ya turubai la kambi, na Msumbiji ilimpatia chakula kwa watu asiowajua.

"Mzungu au Mzulu," alisema, "kila mwenye akili anataka mtu wa kukudhamini. Nabii atatudhamini."

"Nabii wako anajua nini kuhusu kazi yangu, Baba Régis?"

"Anajua huibi."

"Na hilo ndilo Baraza linalouliza?"

"Ndilo hilo hilo. Wanauliza kama ulikotoka uliharibu. Wewe umesoma hadi umesahau watu wanauliza nini."

Égide alikuwa na haki kidogo, na mume mwenye haki kidogo ni mzigo kuliko asiye nayo kabisa. Lakini Nabii Alexis! Pasaka iliyopita alikuwa amemponya kiziwi kwa kupiga kelele ndani ya sikio lake, hadi yule maskini, kwa maumivu, akatikisa kichwa. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Célestine alitoka nje, akasimama barabarani kati ya wauza soksi hadi ibada ikaisha, na tangu siku hiyo alikwenda kanisani kwa kuvutwa mkono. Alisema hivyo sasa, tena kwa ukali, kwamba mtu yule hajui tofauti ya sikio na kikombe.

Égide alikwenda kuomba barua hata hivyo. Ilimgharimu sadaka ya shukrani, nayo sadaka ilitoka kwenye kopo la pesa za umeme, hivyo wiki ile walikula chakula baridi kwa ajili ya hadhi njema.

Célestine alikusudia kuitupa barua ile. Lakini Égide aliomba ruhusa kazini, akavaa suti yake ya harusi ambayo sasa ilimbana mabegani, akamsindikiza hadi Baraza, na njiani, alipokuwa amelibeba faili kama muungwana, aliichomeka juu ya karatasi zote. Célestine aliiona pale pale dirishani, muda umeshapita. Ilikuwa na tai wa dhahabu kichwani na saini inayofanana na radi.

Nomsa aliishika kwa ncha za kucha. Akaisoma. Akamtazama Égide, akatazama suti, kisha akafanya kitu ambacho Célestine hakuwahi kumwona akikifanya. Alisimama. Akazunguka, akafungua mlango wa pembeni, akatokea upande wa binadamu. Akawapeleka kwenye ushoroba karibu na mtungi wa maji na kuwauliza, kwa sauti ya chini, kama kweli wanasali kwa Nabii.

Égide alisema kweli kabisa. Yeye ni mwanakwaya.

Basi yakamtoka Nomsa. Alikuwa na mjukuu, Refilwe, aliyemlea mwenyewe. Mtoto alikuwa na kigugumizi. Kilianza kidogo, sasa kilikuwa kimemfunga. Walimu hawakumtaja tena jina darasani, eti wanamhurumia. Wenzake walimwigiza. Nomsa amekuwa akitafuta kiti cha mbele kwa Nabii kwa miezi, lakini viti vya mbele vina wenyewe.

Célestine hakutaka kuuliza. Maswali yalimtoka yenyewe, kama mkono wa fundi unavyokwenda kwenye mlango unaolegea. Je, akiimba anakwama? Nomsa akasema la, anaimba kama ndege. Akiongea na mdoli, au na mbwa? Hapo pia hakwami sana. Akikwama, anafunga macho? Anapiga mguu? Nomsa alimtazama kwa mshangao, akasema anapiga mguu, ndiyo, mguu wa kulia.

"Niletee mara mbili kwa wiki," Célestine alisema. "Sitaki chochote."

Uso wa Nomsa ulifungika, ukawa tena ule wa nyuma ya kioo.

"Dada yangu, huna namba. Mtu asiye na namba akishika usemi wa mtoto, hilo ni kosa la jinai. Mimi ndiye ninayeandika barua za kuwaonya watu wa namna hiyo."

"Na Nabii ana namba?"

"Nabii haponyi yeye. Anaponya Mungu." Nomsa alisema hivyo bila kupepesa. "Mungu haandikishwi."

Célestine alimtafuta usoni dalili ya aibu, hata ndogo, hata ya adabu tu, asiipate. Nomsa aliendelea kwamba wakimpatia kiti cha mbele Jumapili, yeye atalitazama faili vizuri. Hakusema atafanya nini baada ya kulitazama. Égide akajibu ndiyo, kwa niaba ya nyumba nzima, kabla mke wake hajafumbua kinywa.

Kanisa lilikuwa ghorofa ya kwanza ya jengo lililokuwa duka la samani, na ukutani bado palisomeka tangazo la punguzo la bei za vitanda. Nabii alihubiri Kiswahili cha Lubumbashi, kijana mmoja akakifanya Kiingereza. Nomsa alikaa mstari wa mbele na mkoba mapajani. Refilwe alikaa kando yake, utepe mweupe kichwani, ameshika kiti kwa mikono miwili.

Wakati wa maombi ulipofika, Nabii alimwinua mtoto, akamshika taya. Alikemea pepo wa kufunga ndimi kwa lugha tatu. Kisha akamsogezea kipaza sauti, akamwamuru aseme jina lake.

Refilwe alifunga macho. Sauti ya kwanza ya jina lake ilianza, ikarudia, ikarudia, ikagoma. Mishipa ya shingo ilimtoka, mguu wa kulia ukaanza kupiga sakafu, na kipaza sauti, kwa uaminifu wa chuma, kikapeleka yote hayo hadi mlango wa nyuma. Nabii akapandisha sauti, na alivyoipandisha ndivyo mtoto alivyozidi kukazwa. Mahali fulani nyuma mtu alicheka. Célestine alihisi hasira ikimpanda hadi machoni. Alimdharau Nabii kwa viatu vyake vyeupe, alimdharau bibi aliyefumba macho akisema amina, aliwadharau wote wale waliokuja kutazama mtoto akinyongwa na jina lake mwenyewe.

Nabii hakuwa mjinga. Kipaji chake cha kweli kilikuwa kuona mapema jambo linapoharibika, na jasho lilikuwa limeanza kumtoka. Ndipo Égide aliposimama kwenye kwaya, Mungu amsamehe, akasema mke wake ana kipawa cha jambo hili.

"Mama Célestine," Nabii alisema haraka, "kuya hapa."

Angeweza kukaa. Alimwona Nomsa akimgeukia na kumtazama kama faili ambalo huenda limekamilika. Alifikiria Randburg na mwisho wa mwezi. Kisha alimwona mtoto, bado amefumba macho, bado anapiga mguu, na hakuna mtu aliyekuwa akimwondoa pale. Akapanda.

Alipiga magoti hadi nyuso zao zikawa sawa, akamuuliza kwa sauti ndogo kama anaijua zaburi ya mchungaji. Mtoto akaitika kwa kichwa. Célestine akaligeukia kanisa, akawaambia waiseme pamoja naye, taratibu, wote, neno kwa neno. Ukumbi ukaanza kunguruma. Refilwe akaanza nao, na maneno yake yakatoka, yakafuatana, hayakukwama hata mahali pamoja. Célestine akakisogeza kipaza sauti hadi sauti ile nyembamba ikasikika juu ya zote. Mwishoni akawaambia walitaje jina lake pamoja naye, na wote wakalitaja, na yeye akalitaja safi.

Ukumbi ulipasuka. Viti vilianguka. Nomsa alilala sakafuni na kucha zake zote, akalia kwa kwikwi. Nabii alikipokea kipaza sauti, akauliza kama wamemwona Mungu.

Ni Célestine peke yake aliyejua walichokiona. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakijua: mwenye kigugumizi akisema pamoja na wengine, hakwami. Ni mkongojo. Unamshikilia wakati wengine wanasema, na wakinyamaza anaanguka pale pale alipokuwa. Kule Gitega angemfukuza msaidizi yeyote ambaye angemwonyesha mzazi mkongojo na kumwacha auite mguu. Leo ameufanya yeye, mbele ya watu mia kadhaa, kwa tamaa ya muhuri.

Mlangoni alimshika Nomsa mkono akajaribu kumwambia. Alisema kitarudi, kwamba kazi haijaanza hata kidogo, kwamba mtoto asilazimishwe kuongea mbele ya watu wiki hii. Nomsa alimwekea kidole mdomoni, akamsihi asilete kutokuamini.

Nabii naye alimvutia kando, kwenye chumba cha kuhesabia sadaka. Alimpa nafasi ya kuwa mama wa maombi ya ndimi, kila Jumapili, kiti nyuma yake, bahasha mwisho wa ibada. Kanzu nyeupe atashonewa na kanisa.

"Kule wanakuomba papier, karatasi ya muhuri," alisema kwa upole. "Hapa tunaomba imani tu."

Célestine alimwambia atafikiri. Ilimuuma kwamba katika jiji zima, aliyeitambua kazi yake kuwa kazi alikuwa yule tapeli.

Jibu la Baraza lilikuja katikati ya wiki. Kanisa si baraza la taaluma, ombi limefungwa, mwombaji anaweza kuanza upya akishapata cheti kinachotakiwa. Chini palikuwa na saini ya Nomsa, iliyonyooka, isiyo na kwikwi. Siku iliyofuata Bi Cecilia alipiga simu, akazungumza kwa Kiswahili laini cha kwao kwa muda mrefu kabla ya kufika kwenye habari yenyewe, yaani nafasi ameipata kijana mwenye namba. Égide alisema Mungu ana mpango. Célestine alimwambia kwamba kama Mungu ana mpango, alete cheti chake cha hadhi njema. Hawakusemezana hadi Ijumaa.

Ijumaa hiyo alikuwa saluni, mikono yote imejaa povu, kichwa cha mteja kwenye beseni, simu yake ilipolia. Maman Agnès akaishika na kumwekea sikioni, akisonya.

Alikuwa Nomsa, naye alikuwa akinong'ona. Kigugumizi kilikuwa kimerudi, kibaya kuliko mwanzo. Mwalimu alikuwa amemsimamisha Refilwe mbele ya darasa asimulie muujiza. Tangu hapo mtoto hasemi kabisa, yuko kitandani na nguo za shule, hataki kwenda.

Célestine alifumba macho. Alikuwa amejua. Akauliza kwa nini asimpeleke kwa Nabii.

"Sio yeye," Nomsa alisema. "Niliona kwa macho yangu. Ni wewe uliyefanya. Njoo kwangu jioni, kimya kimya, umwombee tena."

"Na faili langu?"

"Dada, faili ni mambo ya kazi."

Célestine aliinua mikono kutoka kwenye beseni. Povu lilidondoka sakafuni.

"Kabla sijamwombea mtu," alisema, "nahitaji cheti cha hadhi njema kutoka kanisa lako la zamani. Wao wenyewe wakitume. Bahasha imefungwa, muhuri juu ya gundi. Usikilete kwa mkono wako."

Nomsa alidhani hakusikia vizuri. Alisema kanisa lake la zamani halipo tena. Mchungaji alikufa, watu wakatawanyika, jengo sasa wanauza matairi.

"Pole," Célestine alisema. "Sheria haisemi kama lipo."

Alilisikia likimwingia. Alisikia pumzi ya yule mwanamke ikikatika, na tangu afike nchi hii hakuwahi kuonja kitu kitamu kama hicho. Angetaka kukaa nacho mdomoni siku nzima. Lakini nyuma ya pumzi ile palitoka sauti nyingine, nyembamba, ikijaribu kumuuliza bibi yake anaongea na nani, ikagonga neno la kwanza, ikagonga tena, ikaliacha. Utamu ukamwishia mdomoni.

"Mpe mtoto simu," alisema. "Wewe toka nje, ufunge mlango. Usije ukaona kosa la jinai."

Alingoja. Kisha mlango ukafungwa. Karani wa Baraza, mwandishi wa barua za onyo, alikuwa amesimama nje ya chumba cha nyumba yake mwenyewe ili asishuhudie.

Mteja kwenye beseni alilalamika kwamba maji yanamwingia shingoni. Maman Agnès alisema mkono umemchoka, na kwamba hapa wanalipwa kwa vichwa. Célestine alijifuta mikono kwenye aproni, akaichukua simu mwenyewe, akaenda kusimama karibu na dirisha.

"Refilwe," alisema, "jina langu ni Célestine. Mimi siombei watu. Nafundisha kusema. Hatuimbi leo, na hatusemi zaburi. Niambie lolote, kwa muda wowote unaotaka."

Upande wa pili sauti ya kwanza ilianza, ikakwama. Mguu mdogo ulisikika ukipiga ubao wa kitanda. Célestine alilitambua neno ambalo mtoto alikuwa akilitafuta, na angeweza kummalizia mara moja, lakini hakulisema. Alisubiri.